Simuleta naimudu, uwanjani naanguka ndani ya sekunde kumi. Tatizo liko wapi?

#1 MkiaMrefu (Kigamboni)

Wakuu, habari za humu.

Nimekaa na simuleta, ile programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha helikopta za rimoti, miezi mitatu. Kila usiku baada ya kula, nusu saa, siku nyingine saa nzima. Programu ni neXt, rimoti ni FlySky FS-i6 niliyoichomeka kwenye laptop kwa kebo. Humo ndani naelea mkia ukinielekea, naelea ubavu wa kushoto na wa kulia, naelea pua ikiniangalia mpaka nachoka mwenyewe. Namba nane naichora hewani bila kufikiri.

Jumamosi nikaona imetosha. Helikopta yangu ni saizi ya 450, mapanga ya milimita 325, betri ya seli tatu. Nikaenda uwanja mmoja mtupu huku kwetu saa nne asubuhi. Nikapandisha. Ikainuka, ikaanza kuvutika kushoto, nikairudisha, ikapitiliza kulia, nikairudisha tena, mkia ukageuka, pua ikawa inaniangalia, nikasukuma kijiti upande usio wake. Mchangani. Sekunde kumi, labda kumi na mbili. Mapanga yote mawili, shafti kuu, gia kuu na bomba la mkia vimekwenda.

Simuleta inafundisha kurusha helikopta, au inafundisha kurusha simuleta? Anayejua anieleze kwa nini vidole vilevile, kwenye rimoti ileile, vinajua usiku na asubuhi havijui.

#2 FundiRedio (Arusha)

Pole mkuu. Kabla ya yote: uliinua kimo gani?

Wengi wanaoanza huinyanyua hadi usawa wa goti na kubaki hapo, wakidhani chini ni salama. Ukiwa chini ya kimo kinacholingana na upana wa duara la mapanga, upepo unaosukumwa chini unagonga ardhi na kurudi. Helikopta inakaa kama juu ya mpira, inateleza huku na huku. Kwa 450 duara hilo ni kama sentimita 70. Pandisha hadi usawa wa macho, utaona inatulia.

Kuvutika kushoto ni kawaida. Panga la mkia linasukuma hewa upande mmoja ili mwili usizunguke, na msukumo huohuo unaibeba helikopta nzima pembeni. Ndiyo maana ikielea vizuri inaonekana imelala kidogo kulia. Ukilazimisha ikae wima kabisa, lazima iondoke.

#3 MamaSkrubu

Pole kaka MkiaMrefu. FundiRedio ameongea vizuri lakini ameruka jambo kubwa kuliko yote: woga.

Kwenye simuleta ukianguka kuna kitufe, unabonyeza, helikopta mpya. Uwanjani hakuna kitufe. Mimi siku ya kwanza miguu ilitetemeka mpaka mwanangu akaniuliza kama naumwa. Vidole vilikaza kwenye vijiti kama vimeshika kamba ya kisima. Mtu aliyekaza hawezi kusogeza kijiti milimita mbili, anasogeza nusu ya njia. Soma tena ulivyoandika: "nikairudisha, ikapitiliza, nikairudisha tena". Ujuzi ulikuwa nao, mkono ulikuwa mzito tu.

#4 KhamisMaskat (Oman)

Assalaamu alaykum nyote. Bwana MkiaMrefu, hebu tuambie, ulikuwa unaangalia kwenye skrini gani? Laptop yenyewe au ulichomeka televisheni?

Nauliza kwa sababu mimi hapa Maskat nilifanya mazoezi miezi kwenye televisheni kubwa ya sebuleni nikijiona bingwa. Kumbe ile televisheni inachelewesha picha. Vidole vyangu vilizoea kungoja. Nilipofika uwanjani helikopta inajibu papo hapo, mimi ninasukuma kwa mazoea ya kungoja, kila kitu kinazidi. Nilipobadilisha mpangilio wa televisheni kuwa wa michezo ya kompyuta, mambo yakawa mengine kabisa. Ilibidi nijifunze upya kama wiki mbili.

#5 MkiaMrefu

Asanteni sana.

FundiRedio: umenipata. Usawa wa goti, pengine chini yake.

MamaSkrubu: woga ulikuwepo, sikatai. Helikopta hii nimeinunua kwa akiba ya muda mrefu.

Bwana Khamis: ni laptop yenyewe, ila ya zamani, picha inakatakata nikiweka mandhari yenye miti mingi.

Na jambo jingine nimelikumbuka leo. Kwenye simuleta upepo niliuacha sifuri tangu siku ya kwanza.

#6 Kilele254 (Nairobi)

Hapo kwa upepo sijui, lakini mimi naona ni hewa. Simuleta imetengenezewa hewa ya wastani. Dar iko usawa wa bahari, hewa ni nzito, mapanga yanashika zaidi, chopa inaruka juu kwa nguvu kuliko ulivyozoea. Huku Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 na tunajua hewa inavyobadilisha kila kitu.

#7 FundiRedio

@Kilele254 hoja ni nzuri ila umeigeuza. Simuleta nyingi zinaanza na hewa ya usawa wa bahari, yaani karibu na ile ya Kigamboni. Anayepata tofauti ni wewe wa Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, na mimi wa Arusha, ingawa kwangu ni pungufu kidogo ya hapo. Sisi ndio tunaoongeza pembe ya mapanga au mzunguko ili ielee. Yeye hewa yake na ya kompyuta ni moja.

#8 Kilele254

Sawa mkuu, nimekubali. Hiyo inaeleza kwa nini yangu kwa simuleta huelea kijiti kikiwa katikati, na hapa Ruiru nasukuma juu zaidi. Nilidhani betri imezeeka.

#9 MzeeWaKusi (Mombasa)

Vijana, mwenzenu amesema upepo sifuri, na nyote mmepita hapo kama hamkuona.

Pwani saa nne asubuhi upepo wa bahari umeshaamka, na msimu wa kusi ndio kabisa. Helikopta ikielea kwenye upepo haijasimama. Kwake yeye inakwenda mbele, na hewa inayoingia kwenye mapanga ni safi, kwa hiyo inapata nguvu ya ziada bila wewe kuongeza kitu. Upepo ukikata ghafla, ile nguvu inaondoka nayo inazama. Ukirudi, inapaa. Na mkia unashikwa kama tanga: pua inataka kuelekea upepo utokako. Mwanafunzi aliyejifunza hewa imelala hajawahi kukutana na haya. Kijana hakuangushwa na woga wala goti, amekwenda kumi badala ya kumi na mbili alfajiri.

Weka upepo mita 3 kwa sekunde kwenye simuleta, wenye kubadilika nguvu. Usipoanguka usiku huo nitashangaa.

#10 MamaSkrubu

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini "saa kumi na mbili alfajiri" ndiyo tuandike vizuri, maana mgeni akisoma "amekwenda kumi" atachanganyikiwa. Alikwenda saa nne.

#11 MzeeWaKusi

Ahsante binti yangu. Saa nne. Hoja ibaki palepale.

#12 Nyuzi120 (Dodoma)

Wakuu, mbona hakuna anayeuliza helikopta yenyewe ilipangwaje? Ile ya simuleta haina mtetemo, uzito wake umekaa katikati, mapanga yanapita njia moja, jairo, kile kifaa cha kushika mkia usizunguke, imewekwa sawa kiwandani. Hiyo ya Kigamboni nani aliiangalia?

Katikati ya kijiti mapanga yana pembe ngapi? Ukiishika kwa kichwa cha rota, pale mapanga yanapofungwa, inalala mbele au nyuma? Ukitazama mapanga kwa ubavu yakizunguka, unaona mstari mmoja au miwili? Na jairo: geuza mkia kwa mkono, uone panga la mkia linapinga au linasaidia. Mimi niliwahi kuiweka jairo kinyume. Ilipoinuka ilizunguka kama pia, sikuwa na la kufanya. Ningefanya simuleta mwaka mzima isingenisaidia lolote.

Na tafadhali simama mbali. Hayo mapanga yanazunguka mara 1,000 kwa dakika, si kitu cha kuchezea.

#13 FundiRedio

Nyongeza kwa Nyuzi120: mara 1,000 ni ndogo mno kwa saizi hiyo. 450 huzunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Chukua 2,800, nusu ya upana wa duara sentimita 35, piga hesabu: ncha ya panga inakwenda zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Septemba 2013 kule Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mzoefu alifariki uwanjani alipopigwa na helikopta yake mwenyewe, nayo ilikuwa kubwa kuliko 450. Mita kumi kati yako na mashine, pungufu ya hapo hapana. Watoto nyuma yako, wasiwe pembeni.

#14 Nyuzi120

Nimesahihishwa, asante. Ila hoja ya mpangilio bado naishikilia.

#15 BaharaWaKassel (Ujerumani)

Habari za jioni. Nasoma uzi huu kwa furaha, hapa klabuni kwetu tunabishana mambo hayahaya kwa Kijerumani.

Mjerumani Dieter Schlüter ndiye aliyefanikiwa kurusha helikopta ya redio mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo hapakuwa na jairo ya kushika mkia wala simuleta. Watu walijifunza kwa miguu ya mazoezi, fimbo mbili ndefu zilizofungwa msalaba chini, zenye mipira kwenye ncha, zinazoizuia isipinduke. Hata leo mzee mmoja hapa hamruhusu mwanafunzi kuondoa fimbo mpaka betri kadhaa zimeisha. Na tuna njia ya kuunganisha rimoti mbili: mwalimu ana swichi, akiona unapotea anakunyang'anya, akituliza anakurudishia. Ndugu MkiaMrefu angekuwa na mwalimu wa namna hiyo, shafti yake ingekuwa nzima.

Lakini naona kilichomwangusha ni pua kumwangalia ghafla. Kwenye simuleta alijifunza pua akiwa amejiandaa: anaamua, anageuza, anaelea. Uwanjani pua ilikuja bila hodi. Nimefundishwa hivi: pua ikikuangalia, sukuma kijiti upande ule inakolalia, kana kwamba unaweka nguzo chini ya ubavu unaoshuka. Inalala mkono wako wa kulia, sukuma kulia. Hakuna kufikiri.

#16 MamaSkrubu

Hiyo ya nguzo naipinga kwa moyo wote. Inakuokoa pua ikiwa imekuelekea kabisa, nyuzi chache zaidi inakuua. Ikiwa imekaa ubavu, pua kushoto, ikaanza kukujia wewe, utaweka nguzo wapi? Pale inabidi usukume kijiti kulia, na kulia kwake ni mbali na wewe. Ubongo ulioshika kanuni ya nguzo unaganda kutafuta kanuni nyingine.

Mimi najiweka ndani. Nimekaa kwenye kiti cha rubani, mkono wangu wa kulia ni mkono wake wa kulia, popote pua inapotazama. Ilinichukua muda mrefu, lakini sasa sina kanuni nane kichwani, nina moja.

#17 BaharaWaKassel

Dada MamaSkrubu, na mimi nilijaribu hiyo ya kiti cha rubani. Nikageuza mpaka mwili wangu, nikawa nimeupa mgongo uwanja! Kila mtu na kichwa chake. Hapa klabuni warukaji wazuri wawili nikiwauliza, mmoja anasema nguzo, mwingine anasema hafikirii chochote, vidole vinajua.

#18 KhamisMaskat

Vidole vinajua kwa sababu vimerudia. Hapo ndipo simuleta inaposhinda yote, bwana. Uwanjani betri moja ni dakika tano, na una tatu. Usiku kwenye kompyuta unapata saa nzima, na unaanguka mara arobaini bila kununua skrubu. Haiwezekani kuilaumu.

#19 JichoMoja

Samahani kuingilia, mimi ni msomaji tu. Kwenye simuleta kuna kitu kinaitwa zumu ya kujiendesha. Helikopta ikienda mbali, kamera inaivuta, inabaki kubwa usoni pako. Uwanjani 450 ikifika mita thelathini, ganda jeusi, anga jeupe, huoni pua wala mkia, unaona doa. @MkiaMrefu, ulizima hiyo zumu? Na ganda lako ni rangi gani?

#20 MkiaMrefu

Karibu sana JichoMoja, usisome kimya tena. Zumu imewashwa mpaka leo, sikujua inazimwa. Ganda ni jeusi lenye michirizi ya bluu iliyokolea. Lakini haikufika mita thelathini, haikuzidi sita.

Nyuzi120: nimeiangalia. Uzito ulikuwa unalalia nyuma, betri nilikuwa sijaisogeza mbele ya kutosha. Mapanga yalishavunjika, siwezi kujua yalipitaje.

#21 Chapchap_Tz

Mkuu si ununue droni tu? Unaiachia vijiti inasimama yenyewe, video safi, na maharusi wanalipa.

#22 FundiRedio

Droni ni chombo kizuri, inasimama yenyewe kwa sababu kompyuta na setilaiti zinaishikilia. Helikopta ya mapanga yenye pembe zinazobadilika inakutegemea wewe. Inaweza kuelea miguu juu. Mota ikizima angani, unashusha pembe, hewa inayopanda inaendelea kuyazungusha mapanga, karibu na ardhi unapandisha pembe, inatua kama unyoya. Siku ya kwanza nilipotua hivyo, mota imezimwa, nilikaa chini kwenye nyasi nikashindwa kuongea. Sijawahi kuhisi hivyo nikishika kitu kingine chochote.

#23 Chapchap_Tz

Duh. Sawa mkuu, nimeelewa. Nikitaka kuja kuona, mnarushia wapi? Coco Beach si pazuri?

#24 MzeeWaKusi

Ufukweni kwenye watu hapana kabisa, mwanangu, soma #13. Na kibali ni lazima: kwa Tanzania uliza TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla ya kurusha, kwetu Kenya ni KCAA, mamlaka kama hiyo, na kanuni zao za vyombo visivyo na rubani.

#25 Kilele254

Swali la pembeni: kuna mtu anafanya mazoezi ya swichi ya kukata mota? Mimi kwa simuleta nilijilazimisha, kila nikijua naanguka, swichi kwanza. Ilinichukua wiki. Sasa uwanjani kidole huenda chenyewe, na mara mbili nimeanguka nikavunja mapanga pekee, gia na shafti zikapona. @MkiaMrefu uliikata?

#26 MkiaMrefu

Hapana. Ilikuwa chini inajipiga mchangani nami bado nimeshika vijiti vyote viwili. Nadhani gia ilikufa hapo.

#27 MkiaMrefu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Vipuri vilifika. Betri nimeisogeza mbele, ganda nimelipaka njano, mkia nimeuzungushia utepe mwekundu. Nimefunga fimbo za msalaba na mipira ya tenisi kama alivyosema BaharaWaKassel. Kwenye simuleta nimezima zumu, nimeweka upepo wa mita 3, na mandhari tupu ili picha isikatike. Usiku wa kwanza niliangushwa kila mara, MzeeWaKusi hakukosea. Pia nilijiwekea sharti: nikianguka, swichi kwanza, halafu nafunga laptop dakika tano ndipo nianze tena. Nilitaka kuanguka kuniume hata humo ndani, kwa sababu ya maneno ya MamaSkrubu.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa imelala, nimemaliza betri tatu. Usawa wa macho. Mkia ukinielekea naelea muda wote wa betri. Ubavu wa kushoto umekubali. Ubavu wa kulia bado unanitoa jasho. Pua sijaigusa. Hakuna kilichovunjika, nashukuru sana, nyote.

#28 MzeeWaKusi

Nilisema. Upepo.

#29 FundiRedio

Mzee, amesema leo hewa imelala! Kimo ndicho kilichobadilika. Usawa wa macho.

#30 Nyuzi120

Na betri iliyosogezwa mbele je? Helikopta iliyolalia nyuma hairudi kwa mtu yeyote.

#31 MamaSkrubu

Kaka MkiaMrefu, hongera. Wamekupa sababu zote isipokuwa dakika tano za kungoja. Hebu niambie ukweli, leo mkono ulikuwaje kwenye kijiti?

#32 MkiaMrefu

Dada, betri ya kwanza ulikaza. Ya tatu nilikuta nimeshika rimoti kwa vidole vinne, viwili viwili, kama usiku. Sijui ni zile dakika tano au ni kwa sababu fimbo za msalaba zilinihakikishia kwamba haitapinduka.

#33 JichoMoja

Ubavu wa kulia kuwa mgumu kuliko wa kushoto, na mimi ni hivyo hivyo, hata kwenye simuleta. Kuna anayejua kwa nini? Mimi natumia mkono wa kushoto kuandikia.

#34 MkiaMrefu

Mimi naandika kwa kulia na bado ni hivyohivyo.

#35 KhamisMaskat

Mimi kinyume chenu, kushoto ndiko kunakonishinda. Nilianza mazoezi ya simuleta kwa ubavu wa kulia, labda ndiyo sababu. Ninyi mlianza na upi?

#36 JichoMoja

Kushoto.

#37 MkiaMrefu

Kushoto na mimi. Kesho usiku naanza na kulia peke yake, siku saba, nitaleta majibu. Jumapili nitakuwa uwanjani saa kumi na mbili na nusu. JichoMoja, kama uko Dar, njoo na rimoti yako, kebo ninayo.

#38 JichoMoja

Niko Mbagala. Nakuja.